Kizibo na Mbao za Pipa Kuu

Mama Maombi alikuwa anafuta meza ya jikoni kwa maji ya moto hodi ilipopigwa. Meza ile ilikuwa na tabia yake. Kila ilipoguswa na maji ya moto ilitoa harufu ya mvinyo, na kila asubuhi mwenyewe aliigombeza kidogo: "Wewe nawe hulevuki tu."

Aliyekuwa mlangoni ni fundi seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa. Huyu hakuwahi kupiga hodi katika nyumba ile. Kawaida yake ilikuwa kuingia huku akinusa kwa mbwembwe na kuuliza, "Hapa ni nyumba ya ibada au kilabu?" Siku hiyo alipiga hodi, akangoja akaribishwe, kisha akavua kofia. Mama Maombi akajua kabla hajaambiwa.

"Keti kwanza, dada," Randa akasema.

"Nitasikia nikiwa nimesimama. Ni kaka?"

"Ni kaka. Nimemkuta bandani kwake, kwenye kiti chake. Redio ilikuwa inaimba peke yake."

Mama Maombi alikuwa amewafariji wafiwa wengi maishani mwake, na maneno ya imani aliyajua yote. Alipoyatafuta siku hiyo hayakuja. Kilichokuja ni swali moja tu. "Alikuwa amekunywa chai?"

"Kikombe kilikuwa kitupu."

"Afadhali," akasema. Hapo ndipo akakaa, akalaza mikono yote miwili juu ya meza yenye maji, na harufu ikampanda usoni.

Meza ile iliundwa na huyo huyo kaka yake. Watu walimwita Kizibo, na jina lilimkaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi. Aliajiriwa kijana katika kiwanda cha mvinyo pale pembeni mwa mji, akaanza kwa kubeba matenga ya zabibu, akapandishwa akawa mwosha mapipa, mwisho akawekwa chumba cha kujazia chupa, kwenye mashine ya kuzibia. Sababu ya pili ni kwamba hakuwa msemaji. Randa, rafiki yake tangu wote wawili hawajaota ndevu, alikuwa akisema, "Huyu ukitaka aongee, njoo na kizibuo."

Nyumbani kwao pombe haikuingia, hata ya dawa. Siku aliyopata kazi mama yao alilia. "Mwanangu anakwenda kumfanyia kazi shetani," alisema. Kizibo akamtuliza: "Mama, shetani hana kiwanda. Ana wateja." Mama akacheka katikati ya machozi, na kwa kuwa alicheka ikabidi akubali. Kizibo mwenyewe hakuwa mnywaji. Ilimlazimu kuonja, na akishaonja anatema kwenye ndoo. Akiulizwa na watu wa kanisani alijibu, "Mimi natema. Nyie ndio mnaomeza kila mnachoambiwa."

Lakini pua za watu hazijui tofauti ya anayetema na anayemeza. Mvinyo ulimwingia kwenye ovaroli, kwenye nywele, hata kwenye ngozi ya vidole. Mama Maombi, wakati huo msichana, ndiye aliyekuwa akimpigia pasi, na pasi ilipopita juu ya ovaroli chumba kizima kilinuka kama msimu wa mavuno. Jumapili Kizibo alioga mara mbili, akavaa shati jeupe, na bado alipopita katikati ya viti baadhi ya akina mama walijiziba pua kwa leso, wakijifanya wanajifuta jasho. Akajichagulia mahali pake, benchi la mwisho karibu na dirisha, upepo uchukue nje chochote kilichokuwa kwake. Alikaa pale mpaka uzeeni. Hakuwahi kulalamika, lakini dada yake aliona kila leso, na hakusahau hata moja.

Kuna kumbukumbu moja ambayo Mama Maombi aliipenda kuliko zote. Kiwandani palikuwa na pipa kuu, refu kupita watu wawili waliopandana mabegani, lililoundwa kwa mbao ngumu zilizoletwa kwa meli kutoka nchi ya mbali kabla wao hawajazaliwa. Chini lilikuwa na kimlango kidogo. Mwembamba ndiye aliyeingizwa humo na brashi kusugua ndani, na Kizibo alikuwa mwembamba kama ufito. Dada akitumwa kumpelekea chakula cha mchana, alikuwa akisikia wimbo wa kanisani unatoka ndani ya pipa, sauti moja lakini kubwa kama ya kwaya nzima, maana mbao zilimrudishia kila neno.

"Kwa nini unaimba humo?" alimuuliza siku moja, akiinama kwenye kimlango.

"Humu nina sauti nzuri. Kanisani sina."

"Na Mungu anasikia akiwa wapi?"

"Mdogo wangu, Yona alisikiwa kutoka tumboni mwa samaki. Niletee chakula."

Miaka ikaenda. Yakaja matangi ya chuma yanayong'aa, na pipa kuu likabomolewa. Mbao zilitakiwa zitiwe motoni kuchemshia maji. Kizibo, ambaye hakuwahi kuomba kitu, akaomba hizo. Yeye na Randa walizisomba kwa mkokoteni, nyeusi kwa nje, na kwa ndani nyekundu kama ulimi. Mama Maombi alipofiwa na mume akahamia nyumba ndogo isiyo na kitu jikoni, kaka alimtengenezea meza kwa zile zilizo bora. Zilisuguliwa kwa sabuni, kwa magadi, kwa ndimu, zikaanikwa juani mpaka jua likachoka. Harufu haikutoka. Akina mama wa maombi walipokuja kwa ibada ya Alhamisi walinusa, wakatazamana, na mwenye nyumba akawaambia bila kupepesa macho, "Ni kazi ya mikono ya kaka yangu. Tufungue Biblia."

Karibu na kustaafu kwake Kizibo akapatwa na kitu ambacho Randa alikiita ugonjwa. Alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, binti mpole mwenye miwani, anatembea na mizani begani kama wengine wanavyotembea na mkoba. Kazi yake ilikuwa kupima madhara ambayo mvinyo unayaacha kwenye mazingira, si shambani tu wala kiwandani tu, bali maisha yake yote, tangu mche unapopandwa mpaka chupa inapotupwa. Bosi akamwambia Kizibo amzungushe kila mahali. Kizibo akambandika jina siku hiyo hiyo: Binti Mizani.

Jioni alikuja kumweleza dada yake. Mtu wa maneno machache, siku hiyo alizibuka. Akapanga vitu juu ya meza: kibuyu cha chumvi kikawa shamba, sufuria ikawa kiwanda, glasi ikawa chupa, kijiko kikawa lori, na kifuniko cha sufuria kikawa jalala.

"Hapa kwa chumvi anaandika maji ya kumwagilia, mbolea, dawa ya kupulizia na dizeli ya trekta. Hapa kwa sufuria, umeme wa kupoza matangi na maji ya kuoshea. Anakwenda hivyo mpaka jalalani. Kisha anavigawa vyote kwa chupa moja moja, ajue kila chupa imechafua kiasi gani."

"Kwa hiyo anapima uzito wa dhambi," akasema Mama Maombi.

"Karibu na hapo. Anapima moshi."

"Na anaanzia wapi? Maana trekta nayo ilitengenezwa, na chuma chake kilichimbwa."

Kizibo akapiga meza kwa furaha. "Hilo ndilo nililomuuliza! Akanijibu, mzee, lazima mtu achore mpaka: naanzia hapa, naishia pale. Usipochora mpaka utafuata kila kitu mpaka siku ya uumbaji."

"Basi huyo binti ana hekima. Huko kwa uumbaji amwachie mwenyewe."

Kizibo aliamini mkosaji mkubwa atakuwa trekta, au dawa. Alikuwa tayari kuapa. Majibu yalipotoka, Binti Mizani alimketisha akamwonyesha: kizito kuliko vyote ni chupa yenyewe. Kioo huyeyushwa katika tanuru ambalo moto wake hauzimwi, kisha hubebwa na malori kikiwa kitupu, na hubebwa tena kikiwa kimejaa, na mwisho wake shimoni. Kizibo alikuwa mpenzi wa chupa nzito. Alikuwa akizisifu kuwa ni kama mzee aliyevaa suti. Alicheka mpaka miwani yake ya uzee ikamdondoka. "Maisha yangu yote nilidhani nabeba mvinyo," alimwambia dada yake, "kumbe nilikuwa nabeba kioo."

Bosi alisikiliza. Chupa zikapunguzwa unene, na za mjini zikaanza kurudishwa na kuoshwa ili zijazwe tena. Msimu wa mwisho kabla hajastaafu Kizibo aliumalizia kwenye maji ya moto na brashi, kama alivyoanza.

Lakini ugonjwa haukumwacha. Kila alichokishika alikiuliza, "Umetoka wapi, unakwenda wapi?" Alikiuliza kiberiti. Aliyauliza maua ya plastiki mezani kwa dada yake mpaka dada akayaficha chumbani. Aliiuliza kofia ya Randa, na Randa akajibu kwa niaba yake: "Imetoka kichwani kwa baba yangu, inakwenda kichwani kwa mwanangu, na katikati hapo haijafuliwa. Andika hivyo." Walikuwa wakicheka wote watatu kwenye meza ile, chai ikipoa, mchana ukiisha bila mtu kuona.

Hata kifo aliwahi kukiuliza. Walikuwa wametoka kumzika jirani, katika jeneza la dukani lililong'aa kama gari jipya, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu na maandishi ya nchi ya nje ubavuni.

"Lile jeneza limesafiri kuliko marehemu," Kizibo alisema.

"Kaka, heshimu."

"Naheshimu. Nasema tu mimi msinifanyie hivyo. Mnitie kwenye mbao za pipa kuu. Mti ule umeshakatwa, umeshavuka bahari, umeshafanya kazi yake. Msikate mwingine kwa ajili yangu. Nimemwachia Randa mbao, nimejipima."

"Uingie kanisani unanuka mvinyo?"

"Si nimeingia hivyo miaka yote? Nitakaa nyuma, karibu na dirisha."

Randa alicheka. Mama Maombi hakucheka, na hakuahidi.

Sasa Randa alikuwa ameketi mbele yake, kofia mapajani, na jambo lenyewe lilikuwa limefika.

"Dada, mbao zipo. Nianze leo?"

"Usianze."

"Lakini alisema."

"Najua alichosema. Nilikuwa hapa."

Alichotaka Mama Maombi kilikuwa moyoni mwake tangu ujana. Alitaka kaka yake aingizwe kanisani katika jeneza linalong'aa, lipite katikati ya viti vile vile, liwekwe mbele kabisa, na waliojiziba pua walitazame na kukaa kimya. Alitaka mara moja tu kaka yake anukie maua. Hilo la mbao za pipa lingewapa watu maneno ya mwaka mzima: mlevi kazikwa katika pombe yake. Hawangejua kwamba alikuwa akitema.

Mchana ule watu walijaa uani, na mzee mmoja wa kanisa akamvuta pembeni. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa wema. "Mama Maombi, tumeshauriana. Kanisa litasaidia jeneza zuri la dukani. Unajua, kwa kazi aliyokuwa akifanya ndugu yetu, ni vizuri siku hii aingie akiwa safi."

"Akiwa safi," Mama Maombi akarudia.

"Ndiyo. Kwa heshima yako pia."

Mzee hakujua alichokigusa. Mama Maombi alimshukuru, akaingia jikoni, akafunga mlango, akakaa mezani peke yake. Alikusudia kuomba, lakini swali la kaka yake likamtangulia. Hilo jeneza linatoka wapi, linakwenda wapi? Kisha swali likageuka likamtazama yeye. Na hiyo heshima unayomtafutia, imetoka wapi? Imetoka kwenye leso za akina mama. Inakwenda wapi? Mpaka ukingo wa kaburi, hapo inaishia, watu wanarudi nyumbani kula. Akaona kwamba kaka yake hakuwahi kuona aibu hata siku moja. Mwenye aibu alikuwa yeye, tena alikuwa amemtunzia miaka yote, kama mtu anayemtunzia mwenzake mzigo asio na haja nao. Na neno lile, safi, lilimkaa vibaya kooni. Aliyemfulia ovaroli ni nani? Alijua usafi wake mpaka kwenye mishono.

Akajifunga kitenge vizuri, akatoka kwa mlango wa uani, akaenda karakana kwa Randa.

Randa alikuwa ameshaanza. Hakujitetea. Alisimama kati ya maranda ya mbao yaliyolala chini mekundu kama maganda ya zabibu, na harufu ilijaa mpaka barabarani. Mbao zilipinda kidogo, hivyo jeneza lilivimba ubavuni, si la kuonyeshwa dirishani mwa duka lolote.

"Nilisema usianze," Mama Maombi akasema.

"Nilikusikia. Mikono haikusikia."

Akazunguka jeneza, akapitisha kiganja ndani, pale kaka yake alipokuwa akisugua kwa brashi na kuimba. "Endelea," akasema.

Randa akashusha pumzi, kisha akakuna shingo. "Kuna tatizo, dada. Huyu ndugu yako alijipima urefu, akajipima mabega, akaniachia ya chini na ya pembeni. Ya kifuniko hakuniachia. Mtu aliyekuwa akiziba chupa maisha yake yote, kasahau kufunika la kwake."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka, wakacheka mpaka wakalia, kisha ikawa kulia tu.

"Nina msonobari mpya," Randa akasema akijifuta. "Nikiupaka rangi nzuri hakuna atakayejua."

"Msikate mwingine, alisema."

"Umeshakatwa huo, uko pale ukutani."

"Utanunua mwingine badala yake." Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko alivyodhani. Akauliza, "Meza yangu inatosha?"

Randa akaacha kujifuta. "Meza ile? Dada, hicho ndicho kitu alichoki..."

"Nakuuliza kama inatosha."

"Inatosha na kubaki."

"Basi njoo uichukue. Kitakachobaki unitengenezee kibao cha kukatia mboga."

Randa akatazama jeneza, akatazama mlango. "Au pengine hakusahau," akasema taratibu. Mama Maombi alikuwa ameshashika njia.

Kutoka hapo alikwenda kwa mchungaji, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe. Alimweleza jambo lote wima, bila kuomba ruhusa na bila kuomba radhi. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho.

"Litanuka?" akauliza.

"Litanuka. Kutakuwa na jua."

Mchungaji akafikiri. "Basi tutafungua madirisha, mama."

Kabla meza haijachukuliwa Mama Maombi aliifuta mara ya mwisho kwa maji ya moto. Hakuigombeza.

Maziko yalikuwa kesho yake mchana. Jeneza lilibebwa na wafanyakazi wa kiwandani, na Randa akiwa mbele upande wa kulia. Lilipita katikati ya viti na harufu ikapita nalo. Mama mmoja alinyanyua leso, akamwona Mama Maombi anatazama, akaishusha. Likawekwa mbele, chini ya mimbari. Juu ya kifuniko lilionekana bado duara jeusi lililoachwa na sufuria ya moto zamani. Randa alitaka kulipiga msasa, Mama Maombi akamkataza.

Mchungaji alisema maneno machache kuhusu uaminifu katika kazi. Mzee wa kanisa alisoma zaburi. Binti Mizani alikuja, akakaa benchi la mwisho karibu na dirisha, bila kuambiwa hapo palikuwa pa nani. Kisha ukaimbwa ule wimbo ambao Kizibo alikuwa akiuimba ndani ya pipa, na Mama Maombi aliuimba wote, hakukatika sauti.

Walimzika kando ya mama yao. Hapakuwa na maua ya plastiki. Wafanyakazi walileta matawi ya mzabibu yaliyopogolewa asubuhi ile, wakayalaza juu ya jeneza kabla ya udongo. Mama Maombi alitupa udongo wa kwanza kwa mkono wa kulia, akasema, "Nenda salama, kaka," kisha akampisha Randa. Wanaume wakapokezana majembe mpaka kaburi likajaa. Mchungaji akaomba, watu wakaitikia amina. Wakanawa mikono, wakarudi nyumbani.